Bafle ya Kushoto

Kilichokosekana kilikuwa waya mmoja tu. Mengine yote ya kumaliza kilio cha Muzee Habarurema yalikuwa tayari: mchele umechambuliwa, viti vya kukodi vimepangwa uani, na masenge, dada ya marehemu, amefika kutoka Kiwanja na kuteka jiko lote kana kwamba ni lake. Kesho yake watu wangekuja kukaa kwa mara ya mwisho, wanywe, wamseme marehemu vizuri, kisha majonzi yatoke nyumbani. Lakini Umuhoza, binti wa marehemu, hakutaka watu wamsemee baba yake. Alitaka baba aseme mwenyewe.

Video ilikuwepo. Muzee amesimama na fimbo yake siku ya harusi ya Umuhoza, anaongea kwa niaba ya familia, na wakwe waliotoka Bukavu wanacheka mpaka wanajifuta machozi. Video ilikuwa ndani ya kompyuta ya mezani. Televisheni ilikuwa ukutani. Ampli ya muzee na spika zake mbili za mbao, zile tunazoziita bafle, zilikuwa pale pale alipoziacha. Kuviunganisha vitu hivyo viongee kwa pamoja, hiyo Buhendwa, mume wa Umuhoza, alisema ni kazi ya kumenya ndizi. Akipata waya wa sauti tu.

Na niseme wazi kwa nini Umuhoza aliitaka sauti ile kwa njaa namna hiyo. Hakumzika baba yake. Muzee alifia Kiwanja wakati barabara haipitiki, wakamzika haraka bila yeye. Hakuona jeneza, hakutupa udongo. Moyoni mwake baba alikuwa bado yuko safarini, na hilo lilimtesa.

Jua likiwa linashuka, akapanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka soko la Birere.

Siku hizi Birere haingoji giza. Alikuta turubai zinakunjwa, mamotari, waendesha pikipiki, wanampigia honi yeyote mwenye miguu. Meza moja tu ilikuwa bado wazi, karibu na ukuta wa mawe meusi, na nyuma yake mama mmoja mnene amejifunga kitenge mpaka shingoni. Mbele yake rundo: chaja, remoti, nyaya za kila rangi. Vitu vya majumbani hivyo, si vya dukani. Kila mtu Goma anajua vitu vya namna hiyo vinatoka kwenye nyumba gani, zile zilizokimbiwa wakati wa vita, na hakuna anayeuliza.

"Mama, jambo. Natafuta kable ya sauti. Kichwa moja kidogo huku, na huku mbili, nyekundu na nyeupe."

Yule mama hakujibu. Aliuvuta waya kutoka chini kabisa ya rundo bila hata kutazama, akauchomeka kwenye spika ndogo ya betri aujaribu. Spika ikafanya *shhh*...

Ndani ya ile *shhh*, mtoto akacheka.

Kidogo tu. Kama mtu aliye mbali.

Mama akauchomoa upesi.

"Ni redio?" Umuhoza akauliza.

Mama akamtazama. Alipofungua mdomo, kilichotoka kilikuwa mnong'ono mkavu, wa mtu aliyelia kupita kiasi.

"Uko na mutoto?"

"Niko naye mumoja. Binti."

Mkono wa mama ukarudi nyuma pamoja na waya. Umuhoza akadhani ni ile michezo ya wauzaji, wanakunyima ili uzidi kutaka. Pikipiki ya motari wake ilikuwa inanguruma, giza linaingia. "Mama, tafazali! Kesho tunamaliza kilio ya papa yangu." Akausogelea waya, akaushika. Yule mama akafumba macho, akauachia. Kisha midomo yake ikacheza tena, alikuwa anaongeza kitu, lakini motari alipiga honi palepale, na mtu asiye na sauti hawezi kushindana na honi ya Birere. Umuhoza aliona midomo tu. Akaondoka.

Nyumbani Ndosho alimkuta Buhendwa amepiga magoti nyuma ya televisheni, anajiongelesha. Mtu wa Bukavu huyu, karani, Mkatoliki wa misa ya kwanza, na kwa maneno hashindwi.

"Kable ya picha hii hapa. Inatoka ku ordinatere, inaingia ku tele. Haya, muangalie!" Televisheni ikawaka na sura yote ya kompyuta. "Mumeona? Na munasemaka sijui kitu!"

"Picha tunaiona, mukwe," masenge akasema kutoka mlangoni, mwiko mkononi. "Sauti iko wapi?"

Sauti ilikuwa inatoka kwenye televisheni yenyewe, nyembamba, kama ya mtu anayeongea ndani ya kopo. Buhendwa akauchukua waya wa Umuhoza. Kichwa kidogo akakitia kwenye tundu la kompyuta, vile viwili nyuma ya ampli: nyekundu kulia, nyeupe kushoto. Kisha akaingia kwenye mipangilio ya kompyuta, akaiambia sauti iiachie televisheni, ipite kwenye waya.

Muzee akakohoa.

Ndicho kikohozi chake kile, cha kuomba watu wanyamaze. Kilijaza nyumba. Exaucée, binti wa Umuhoza aliyeanza shule mwaka huo, aliacha kuchora akainua kichwa. Na muzee akaanza kuongea, anatania, anasifu ng'ombe ambao hakuwa nao, na bafle zake za zamani zikamtoa mzima mzima, hata pumzi yake ikasikika. Umuhoza alilia kwa sauti, bila aibu yoyote. Masenge alikaa chini na mwiko wake. "Kaka yangu," akasema. "Huyu hapa kaka yangu." Buhendwa naye, pamoja na mdomo wake wote, aliinama tu akaongeza sauti.

Kisha umeme ukakatika.

Hilo si jambo la kushangaza mjini kwetu. Kompyuta ikazima, televisheni ikazima, taa nyekundu ya ampli ikafifia ikafa. Buhendwa akatoka kuangalia kama ni nyumba yao tu au ni mtaa wote. Masenge akarudi kwenye makaa yake. Umuhoza alibaki sebuleni na mtoto, machozi hayajakauka. Dirishani palikuwa na ule wekundu wa volkano ya Nyiragongo, basi.

Harufu ikaja kwanza. Harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi.

Halafu bafle ya kushoto ikakohoa.

"Umuhoza..."

"Karame, Papa!"

Lilimtoka kabla hajafikiri. Na hapa lazima nisimame kidogo, maana asiyelelewa hivyo atamlaumu bure. Kwa watu wa Kinyarwanda, mkubwa akikuita hujibu "abee" wala "nakuja". Unajibu *karame*. Ni kumtakia maisha yule aliyekuita. Muzee Habarurema alilifundisha nyumbani kwake kwa ukali: akikuita, hata kama una moto mkononi, jibu kwanza. Watoto wake walijibu usingizini. Exaucée pia, mjukuu aliyemwita sogokuru, alimfundisha, alipoishi nao kabla ya kwenda Kiwanja kuangalia ng'ombe wa ndugu. Kwa hiyo ulimi wa Umuhoza ulijibu wenyewe, kama jicho linavyojifumba kwa vumbi.

Umuhoza akasogea kwenye bafle. Akaiwekea kiganja. Kitambaa chake cha mbele kilikuwa kinatetemeka, polepole, kinaingia na kutoka... kinaingia na kutoka. Kama kifua.

"Umuhoza..."

"Karame. Papa, niko hapa. Papa, pole, sikukuja kukuzika, barabara..."

Masenge alikuwa amesimama mlangoni na kibatari. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Unaongea na nani?"

"Ameniita, masenge. Papa ameniita."

"Na weye umejibu?"

"Nimejibu."

"Umejibu namna gani?" Alikuwa ananong'ona sasa. "Umuhoza. Umejibu namna gani?"

Umuhoza akaitazama bafle. Masenge akaweka kibatari chini.

"Mutu akikufa tunamwambia apumzike," masenge akasema. "Weye umemwambia aishi."

Buhendwa akaingia akipangusa viatu. Mtaa wote hauna courant, akatangaza. Alipoambiwa kilichotokea akacheka, lakini kicheko kifupi. Waya mrefu hushika redio, akasema, Gisenyi iko hapo tu, ng'ambo ya mpaka. Na ampli hubakisha umeme kidogo tumboni hata ikizimwa. Yote mawili ni kweli, mimi sibishi. Waulizeni mafundi.

"Redio ya Gisenyi inajua jina yangu?" Umuhoza akamuuliza.

Kabla Buhendwa hajapata jibu, bafle ya kushoto ikapata.

"Exaucée..."

Sauti ileile. Taratibu, yenye upendo, sauti ya babu anayetaka kuletewa maji. Umuhoza akamgeukia mtoto. Exaucée alikuwa ameketi na kalamu yake ya rangi mkononi, anaitazama bafle kwa mashaka, kama anavyotazama chakula asichokijua. Hakujibu.

"Exaucée..."

"Mama," mtoto akasema, "huyu si sogokuru."

"Nyamaza, mutoto wangu. Usiongee."

"Si sogokuru! Sogokuru haniitakake Exaucée. Ananiitaka Mama."

Na ilikuwa kweli. Mungu wangu, ilikuwa kweli! Mtoto alipewa jina la mama yake muzee, Nyiransengimana, na kwa sababu hiyo muzee hakuwahi hata siku moja kumwita kwa jina la Kifaransa. Angemwitaje mama yake kwa jina? Alimwita Mama, alimpisha kiti, alimpa wa kwanza sahani. Umuhoza alilijua hilo. Masenge alilijua. Lakini wakubwa walikuwa na kiu ya marehemu wao, na mwenye kiu haangalii kisima. Ni mtoto peke yake aliyesikiliza.

Buhendwa hakungoja zaidi. Aliruka, akaushika ule waya akauvuta wote, nyekundu na nyeupe, kichwa kidogo pia. Akauinua juu ili wote wauone ukining'inia mkononi mwake. Akazivuta na nyaya za bafle zenyewe.

"Basi," akasema. "Imekwisha. Haishikani tena na kitu."

Wakasubiri.

Kitambaa cha bafle kilikuwa kimetulia. Masenge alianza kunong'ona sala. Umuhoza akapumua. Akamvuta mtoto kwake.

Bafle ikakohoa.

"Mama..."

Ilikuwa imesikiliza. Ilikuwa imengoja mtoto aitajie jina la kweli, na mtoto ameitajia. Umuhoza aliona mdomo wa Exaucée unafunguka, aliona ulimi wake unapanda kulikamata lile neno, maana huyu alikuwa mtoto aliyelelewa vizuri, na sasa ameitwa anavyoitwa. Umuhoza akamziba mdomo kwa kiganja. Na kwa kuwa aliyeitwa ni lazima ajibiwe, akajibu yeye.

"Karame!"

Kitambaa kikaingia ndani. Kikabaki ndani muda mrefu, kama mtu anayevuta pumzi ya kushiba.

Kisha harufu ya udongo ikaondoka, na umeme ukarudi, na televisheni ikawaka ikionyesha muzee amesimama na fimbo yake, mdomo wazi, bila sauti.

Kilio walikimaliza kesho yake bila video. Watu walikula, waliongea, hakuna aliyeambiwa. Masenge alizitoa bafle nje, akazimwagia mafuta ya taa, akazichoma nyuma ya choo pamoja na ampli na ule waya. Moshi wake ulikuwa mweusi na Buhendwa, aliyezipenda bafle zile, aliuchochea moto kwa mti.

Lakini jioni, wekundu ulipotokea mlimani, pembe ile tupu ya sebule ikakohoa.

Walijaribu, jamani, msiwadhanie wajinga. Padri alikuja akanyunyiza maji, jioni mbili tatu zikapita kimya, kisha ikarudi. Walihamia kwa rafiki, mtaa wa Himbi, na huko ikaita kutoka kwenye televisheni ya wenyewe, iliyozimwa. Walimziba mtoto masikio kwa pamba, lakini alisikia vilevile, akawa anahangaika, anajikunja, kwa sababu kuitwa na mkubwa bila kujibu kulikuwa kunamuuma kama mkojo. Buhendwa alijaribu kujibu yeye. Alisema karame yake ile ya Kishi, lugha ya kwao Bukavu, nzito, akaisema mara nyingi. Haikumtaka. Iliendelea kuita mpaka Umuhoza alipojibu.

"Haina sauti yake," masenge aliwaambia asubuhi moja, amefunga mzigo wake. "Wa zamani walituambiaka habari ya wale wa namna hii. Wanaazima. Ile ilipata sauti ya kaka yangu ndani ya ule waya, ikaivaa. Lakini sauti ya mufu haishibishi. Inatafuta ya mutu muzima." Akasema kuna mzee mmoja Kiwanja anayejua mambo hayo. Akaenda kumleta. Barabara ikafungwa tena, na masenge akawa hajarudi.

Kwa hiyo Umuhoza akaipanga jioni yake. Giza likikaribia aliacha kila kitu, akaketi karibu na Exaucée, mkono wake tayari. Ikikohoa, yeye mdomo wazi. Ikisema "Mama...", yeye "Karame!" kabla mtoto hajavuta pumzi. Wakati mwingine walikimbizana kwa nukta moja tu. Kisha mtoto alimwegemea, akalala usingizi mzuri, na Umuhoza akabaki macho. Alikuwa na mtoto huyo mmoja, alimpata baada ya kukata tamaa, ndiyo maana wakamwita Exaucée, yaani ombi lililosikiwa. Angejibu mpaka mwisho wa dunia.

Sauti yake ikaanza kukwaruza. Umuhoza ni mwalimu wa darasa la kwanza, na mwalimu kukauka koo ni jambo la kawaida, chaki na kelele za watoto. Walimu wenzake wakamtania kwamba amekuwa dume. Alikunywa tangawizi na asali. Daktari akamwambia apumzishe koo. Akacheka, na kicheko kikatoka vipande vipande. Wiki ikafuata wiki, na darasani akaanza kupiga makofi badala ya kuita majina.

Asubuhi moja aliamka, akamwambia Buhendwa "umelalaje", na akasikia mnong'ono mkavu. Aliujua ule mnong'ono. Aliwahi kuusikia mahali, kwenye meza ya nyaya.

Alipotoka shule akaenda moja kwa moja Birere. Alimwambia Buhendwa kwa ujumbe wa simu amchukue mtoto, na kwamba yeye atarudi kabla ya giza.

Meza ilikuwepo, ukuta wa mawe meusi ulikuwepo. Yule mama alikuwepo pia, lakini ule unene wote ulikuwa umekwisha, kitenge kinamzunguka mara mbili. Alipomwona Umuhoza akasimama. Midomo yake ikacheza.

Hakikutoka kitu. Hata mnong'ono haukutoka.

"Usimuulize kitu, mama, hawezi tena," akasema mwuza simu wa meza ya pili, msichana mmoja anaitwa Jeancy. "Huyu ni mama Kanyere. Zamani ndo alikuwa anapigaka kelele kushinda Birere yote! Ungemusikia kutoka kwa barrière ya mpaka. Sauti ilipunguka polepole, polepole... kisha ikamalizika."

"Na mutoto wake?" Umuhoza alinong'ona. "Alikuwa na mutoto?"

Jeancy akatazama pembeni. Akavuta kiti chake karibu.

"Binti. Jioni moja alipotea mule mule nyumbani. Majirani wanaapa walisikia mama yake anamuita ndani ya nyumba. 'Kuya, kuya kwa mama.' Na mutoto akaitika, akaenda." Akapunguza sauti. "Sasa mama Kanyere siku ile alikuwa hapa. Amekaa palepale unamuona. Na sauti hakuwa nayo tena tangu asubuhi."

Kanyere alimshika Umuhoza mkono. Akauvuta, akauweka kwenye koo lake, akafungua mdomo akajitahidi mpaka mishipa ikasimama. Chini ya vidole vya Umuhoza hapakutetemeka kitu. Kisha Kanyere akanyoosha kidole kwenda juu, kwa hofu, anaonyesha mbingu nyuma ya nyumba.

Wekundu ulikuwa umeanza.

Umuhoza alipanda pikipiki ya motari wa kwanza aliyemwona. Alitaka kumwambia Ndosho, haraka, kwa jina la Mungu. Mnong'ono ukamezwa na injini, ikabidi amwonyeshe kwa mikono. Barabara ilikuwa imejaa, chukudu, vile vigari vya mbao, zimebeba makaa zinakata mbele, mawe yanawarusha, motari anamuuliza, "Mama, munaumwa?" na yeye anampiga begani, twende, twende. Akajaribu simu. Buhendwa akapokea: "Alo? Alo, Umuhoza? Sikusikii, reseau haiko." Akakata. Umuhoza akampigia tena. "Alo? Ongea basi!" Aliongea. Aliongea kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Akaandika ujumbe, haukusomwa.

Giza lilikuwa limeshika alipofika getini. Alishuka kabla pikipiki haijasimama.

Uani, Buhendwa alikuwa ameinama kwenye mbabula, anapepea makaa kwa kifuniko cha sufuria. Akasikia geti, akageuza kichwa, na uso wake ukashangaa kwa namna ya kuchekesha, namna ya mtu aliyechezewa.

"Unatokea wapi tena?" akasema. "Si umeshaingia ndani? Nimekusikia unaita mutoto. Nikasema Mungu asifiwe, koo yake imepona."

Harufu ya udongo ilikuwa inatoka mlangoni.

"Exaucée..."

Hiyo ilitoka ndani ya nyumba, kutoka ile pembe ya kushoto. Safi. Nzima. Haikuwa na kikohozi cha mzee yeyote. Ilikuwa sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza, ya mama mwenye mtoto mmoja, yenye zile jioni zote za karame ndani yake.

"Exaucée, kuya kwa mama."

Umuhoza alikimbia. Akafungua mdomo apige kelele, *usijibu, mwanangu, si mimi, usijibu*. Alisukuma kwa tumbo, kwa kifua, kwa shingo yote.

*Shhh*...

"Karame, mama!" Exaucée akaitika, na miguu yake midogo ikapita mbio kwenye sementi.

Umuhoza akausukuma mlango. Kwenye meza palikuwa na kalamu za rangi, moja bado inabingirika. Kwenye pembe ya kushoto, pale pasipokuwa na kitu, mtoto akacheka.

Kidogo tu. Kama mtu aliye mbali.